Viti Saba Havifanyi Gari Kuwa la Familia

Nenda kwenye yadi yoyote ya magari hapa Mwanza, useme una mke na watoto watatu. Dalali hatauliza swali la pili. Atakuongoza moja kwa moja hadi kwenye Wish au Noah, apige bodi makofi mawili, akwambie hili ndilo gari la familia. Zile IST na Vitz pale pembeni ni za kutembelea tu. Ukienda kijiweni ukasimulia, utapata wa kumuunga mkono dalali na wa kuongezea: kwamba mfuko ukiruhusu uruke hadi kwenye Harrier, kwamba watoto hawahitaji nafasi, kwamba gari likikosa kazi nyumbani litajilipia barabarani.

Madai haya yameenea kwa sababu kila moja lina kipande cha kweli. Shida ni kwamba watu wanachukua mkopo wa SACCOS wa miaka mitatu kwa ajili ya kipande hicho. Tuyapitie, na yale mazito tukae nayo kidogo.

“Familia zetu ni kubwa, viti vitano havitoshi”

Sensa ya 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Mwaka 2012 wastani ulikuwa 4.7. Najua, wastani haupandi gari. Kanda ya Ziwa tuna kaya za watu wanane, na tuna muuguzi anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja chini ya kilima cha Bugando, na wote wamo ndani ya namba hiyo. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba anayesema “familia zetu” kana kwamba kila mmoja ana watoto saba anazungumzia nyumba aliyokulia, na huenda si ile anayoilipia kodi leo.

Swali la maana ni nani anakaa ndani ya gari hilo Jumatatu asubuhi. Kwa nyumba nyingi za mjini ni baba au mama, mtoto mmoja au wawili wa kushushwa shuleni njiani kutoka Buhongwa au Kisesa, na jirani aliyeomba lifti. Wengine wako kwenye basi la shule au wanatembea. Gari linajaa Krismasi, Idi, harusi na msiba. Anayetaka kununua bodi la mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo ana haki ya kufanya atakalo na pesa zake. Asidanganywe tu kwamba hakuwa na njia nyingine.

Na kama mtu atakuletea habari za Ulaya, mjibu na za Ulaya. Euro NCAP, taasisi inayogongesha magari mapya kupima usalama wake na iliyoanza kutangaza matokeo mwaka 1997, iliiweka Corolla katika kundi la magari madogo ya familia na Avensis katika kundi la makubwa ya familia. Yote mawili ni ya viti vitano. Magari ya safu tatu yalikuwa na kundi lake.

“Wish na Noah ni mapana, IST inabana”

Hapa ndipo inapofaa kwenda yadi na futi kamba. Pima upana wa IST ya toleo la kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002: milimita 1,695. Pima Wish ya cc 1,800 iliyotoka 2003: milimita 1,695. Noah ya kawaida, ile ya AZR60: 1,695. Premio, 1,695. Sienta, 1,695.

Hii haikutokea kwa bahati. Sheria ya Japani inaliweka gari katika daraja dogo iwapo halizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya cc 2,000. Likizidi hata kimoja kati ya hivyo linahamia daraja la juu. Basi watengenezaji wakasogea hadi ukingoni mwa mita 1.7, wakasimama milimita tano kabla ya mstari. Magari hayo yakatumika kwao, yakauzwa, yakapanda meli hadi Dar es Salaam, na sisi tukayapokea pamoja na vipimo vilivyochorwa kwa ajili ya vichochoro vya Osaka.

Kwa mnunuzi wa Nyakato maana yake ni hii: watu watatu wanaokaa safu ya katikati ya Noah wako ndani ya upana uleule wa nje walio nao watatu wa siti ya nyuma ya IST. Kinachozidi ni kimo na urefu. Kimo ni kitu cha maana, nitakirudia. Urefu ndio wenye mtego. Wish ina mita 4.55, IST ina mita 3.855, tofauti haifiki sentimita 70. Na sentimita hizo zimeahidiwa mara mbili: zimeahidiwa abiria wawili wa safu ya tatu, zimeahidiwa pia mizigo.

Safari ya kwenda kwenu ndiyo inayofichua jambo hili. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za Kigongo hadi Busisi zimekuwa dakika chache badala ya foleni ya kivuko, na wenye kwao Sengerema, Geita au Chato wanakwenda nyumbani wikiendi bila kujishauri sana. Wanakwenda na sukari, sabuni, dumu la mafuta ya kula na nguo za kubadilisha. Wanarudi na mihogo mikavu, michembe, mkungu wa ndizi na kuku wawili waliofungwa miguu. Kwenye Wish yenye watu saba, nyuma ya safu ya tatu panasimama mabegi machache ya mgongoni, basi. Mkungu unapanda kwenye keria kama ipo. Kuku wanakaa miguuni kwa bibi. Anayeikunja safu ya tatu ili apate buti amerudi kwenye viti vitano, akiwa amelipia saba.

Na hiyo safu ya tatu yenyewe, mtu mzima akae humo mchana wa jua la Mwanza, magoti yakiwa kifuani na kioo cha pembeni kisichofunguka, halafu aniambie kama angempeleka mama yake mzazi hadi Bukoba akiwa hapo.

Kwa familia ya watu watano, gari linalobeba watu wote na mizigo yao kwa wakati mmoja ni lile lenye mkia: Fielder, na hata Probox tunayoicheka. Dalali hasemi hivyo kwa sababu Probox haina heshima harusini.

Noah niitendee haki. Ina kimo cha karibu mita 1.85, viti vinane, na mlango wa kutelezesha. Mlango huo mzazi aliyewahi kuegesha Makoroboi siku ya soko anaujua thamani yake: mtoto anaufungua kwa pupa na haugongi gari la jirani. Sienta nayo inao, kwa injini ya cc 1,500. Ukiwa na watoto wanne na mama mkwe unaishi naye, sina la kukupinga, chukua Noah. Ninachokataa ni kumuuzia hoja hiyo mtu wa watoto wawili.

“Watoto hawahesabiki”

Hili nalitenga na mengine, kwa sababu linaua.

Watu hulisema kwa kicheko: IST inabeba saba, wakubwa watano na watoto wawili wa kupakatwa. Cha kushangaza ni kwamba hata sheria ya nchi zilikotengenezwa gari hizi inampunguza mtoto. Kwa hesabu ya Japani watoto watatu wa chini ya miaka 12 wanalingana na watu wazima wawili, kwa hiyo siti ya watu wazima watatu inaweza kupokea watoto wanne. Lakini imempunguza, haikumfuta. Na mikanda kwenye siti hiyo inabaki mitatu.

Uzito nao una hesabu yake. Wajapani wanapoandika uzito wa gari likiwa limejaa, kila kiti wanakihesabia kilo 55. Viti vitano ni kilo 275, na mizigo haimo kabisa katika hesabu hiyo. Sasa weka wakubwa watano wa kilo 75, ambao tayari ni 375, ongeza watoto wawili na nusu gunia la mchele. Breki, tairi na springi za nyuma zilipimwa kwa hesabu nyingine kabisa.

Sisi wa ukanda huu hatuna kisingizio cha kutojua maana ya idadi iliyoandikwa kwenye chombo. Makaburi ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, yako Igoma, pembeni ya barabara tunayopita kila siku. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilisajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 200. Baada ya kila msiba wa namna hiyo tunauliza nani aliruhusu watu kuzidi. Kwenye gari la nyumbani jibu la swali hilo ni mwenye ufunguo.

Kuhusu mtoto wa kupakatwa, mikono ya mama haina uwezo huo. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 anachomoka kwa nguvu inayolingana na mamia ya kilo. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kilichofungwa sawasawa kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa takriban asilimia 70. Viti hivyo vinauzwa, vya mitumba vipo, na bei yake ni ndogo kuliko seti ya rimu za kung'aa.

Hapa lazima nikubali hoja moja ya dalali ambayo mwenyewe hajawahi kuitumia. Ukifunga viti viwili vya watoto kwenye siti ya nyuma ya gari la upana wa milimita 1,695, katikati haingii mtu mzima wa kukaa kwa raha. Mwenye mapacha na dada wa kazi atahitaji safu ya tatu kuliko mwenye vijana watatu wa sekondari. Umri wa watoto una uzito kuliko idadi yao, na sijawahi kumsikia muuzaji akiuuliza.

“Mbona mchomoko unabeba kumi?”

Unabeba, kweli. Wish na Probox zinazokimbia kati ya miji ya Kanda ya Ziwa, zile tunazoziita michomoko, zinapakia wanne siti ya nyuma, wawili mbele pembeni ya dereva, na mwingine atafutiwe mahali. Gari linafika. Lakini ushahidi wa kwamba linafika ni wa leo tu. Muulize fundi anayezitengeneza: springi zimeongezwa spesa, shokapu hazimalizi msimu, bushi za mbele zinabadilishwa kama mafuta ya injini. Yule dereva anaweka gharama hizo ndani ya nauli. Wewe utazilipa kwa ada ya shule.

Kutoka hapo wengine wanaruka kwenye hesabu tamu zaidi: nunua la safu tatu, siku za kazi umpe kijana alipigie mchomoko, wikiendi liwe la familia. Gari lenye namba ya njano limesajiliwa kwa matumizi binafsi. Kubeba abiria kwa nauli kunataka namba nyeupe, leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na bima ya biashara. Bima ya gari binafsi likipata ajali huku limepakia abiria wa kulipa ni karatasi ya kufungia vitumbua. Na Jumamosi utakayotaka kuipeleka familia Magu, gari litakuwa kwa fundi.

“Kwa milima hii ya Mwanza, gari la familia ni Harrier”

Harrier ni gari zuri. Ina viti vitano.

Nasimama hapo kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuvihesabu. Ile ya toleo la pili iliyotoka 2003, ambayo mtaani inaitwa tako la nyani, ina upana wa milimita 1,845, yaani sentimita 15 zaidi ya IST, na watatu wa nyuma wanazisikia hizo sentimita. Lakini mikanda ni ileile mitano, na kwa faida hiyo unalipia injini ya cc 2,400 au 3,000.

Kuhusu milima, tuwe wakweli. Nyumba nyingi za juu ya mawe Mabatini na Igogo hazifikiwi na gari lolote. Zinafikiwa kwa miguu, ngazi kwa ngazi. Kwingine kilimani kuna lami au barabara za mawe yaliyotandikwa, ambazo hata Vitz inazipanda. Zinazobaki ni zile za udongo na kokoto, na huko kinachokusaidia ni tairi zinazosukuma kuliko ukubwa wa bodi. Harrier nyingi zilizopo zinasukumwa na tairi za mbele tu, sawa na Wish, sawa na IST. Gari la namna hiyo likijazwa watu nyuma na kuelekezwa juu, uzito unahamia nyuma, mbele panakuwa pepesi, tairi zinazunguka bure na kurusha kokoto.

Ndiyo maana wazee wa Noah bado wanazililia zile za kabla ya 2001, SR40 na SR50, zenye injini chini ya siti za mbele. SR40 husukuma kwa nyuma, SR50 kwa tairi zote nne, na zikijaa ndipo zinaposhika barabara. AZR60 iliyofuata ina sakafu ya chini na ndani pana zaidi, lakini inavuta kwa mbele. Jina ni moja, tabia mbili. Anayekwambia Noah ni Noah hajapanda nazo zote mbili mvua ikinyesha.

“Chukua cc ndogo, utaokoa”

Nusu ya kweli. Ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingizwa nchini umepangwa kwa ujazo wa injini: hadi cc 1,000 asilimia sifuri, kutoka hapo hadi 2,000 asilimia 5, juu ya 2,000 asilimia 10. Kwa ngazi hizo IST ya cc 1,300 na Noah ya cc 2,000 ziko kundi moja. TRA haina habari na idadi ya watoto wako, na ngazi zake hazikukusudiwa kukuchagulia gari.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo zamani ilitozwa kwa kufuata cc, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tangu hapo gari lililoegeshwa halidaiwi kitu. Linalokunywa ndilo linalolipa. Na injini ya cc 1,000 ya Passo ikibebeshwa watu watano kupanda Bugando kila asubuhi kwa gia ya chini inakunywa kuliko karatasi ya muuzaji inavyosema. Kwa familia ya watu wanne au watano, cc 1,300 hadi 1,500 ndiyo ninayoiona ina akili. Chini ya hapo unalitesa gari. Juu yake uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Kwa hiyo nikiulizwa, hukumu yangu ni hii. Watoto watatu au pungufu, na hakuna viti vya watoto wachanga: Fielder, Raum au IST, kwa kufuata mizigo yenu. Wachanga wawili na msaidizi: Sienta. Watu sita na kuendelea kila siku: Noah, na ujue ni ya toleo gani. Wish iachwe kwa mwenye watu sita mara moja moja na mizigo midogo.

Ila usichukue neno langu wala la dalali. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi, nenda yadi na familia nzima, wote wakae kwenye nafasi watakazokaa, kila mmoja afunge mkanda wake, begi la safari liwekwe buti, kisha mpande nalo Bugando. Dalali akikataa kulitoa gari yadini mkiwa wote ndani, hamia yadi inayofuata.